Vito vya Bibi Zetu: Tuviulize Kabla ya Kuvivaa na Kabla ya Kuviuza

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo.

Kila inapokaribia Idd au msimu wa harusi, mambo mawili hutokea majumbani mwetu. La kwanza, mabinti huenda dukani wakarudi na pete ya nyoka aliyejizungusha kidoleni, herini za kipepeo, au mkufu ulioning'inizwa ukucha. La pili, sanduku la bibi hufunguliwa. Mna ndani yake mafurungu, timbi, kekee, majasi, vipini, kidani cha fedha na hirizi ya fedha iliyofungwa kwa mnyororo. Wengine huvivaa bila kujua ni vitu gani. Wengine huvichukua mpaka kwa sonara, vikapimwa kwa gramu na kuyeyushwa, na kazi ya mikono ya miaka mingi ikaisha kwa dakika chache.

Rai yetu sisi walimu ni hii: pambo lolote, la zamani au la sasa, lisivaliwe, lisiuzwe wala lisiyeyushwe kabla ya kuulizwa maswali manne. Lina umbo gani? Limetokana na nini? Linavaliwa kwa itikadi gani? Na ni la nani? Pambo likijibu vizuri maswali haya, livaliwe kwa furaha. Likishindwa hata moja, uzuri wake haulisaidii.

Dini haikukataza pambo

Tuanze hapa ili asije mtu akadhani tunataka mabinti zetu wawe mikono mitupu. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratun Nahl, aya ya 14, na katika Suratu Fatir, aya ya 12, kwamba bahari ni neema kwetu, na miongoni mwa neema zake ni mapambo tunayoyatoa humo na kuyavaa. Katika Suratur Rahman zimetajwa lulu na marijani. Na lulu ni nini? Ni kazi ya chaza, mnyama wa baharini. Marijani nayo hujengwa na viumbe wadogo sana wa baharini. Kwa hiyo si kila pambo lililotokana na mnyama ni baya.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa na pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake, akiitumia kupiga muhuri barua alizowapelekea wafalme. Pete hiyo ilivaliwa baada yake na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman (R.A.), mpaka ikatumbukia katika kisima cha Aris mjini Madina na isipatikane tena.

Na nani asiyejua kisa cha kidani cha Bi Aisha (R.A.)? Alikiazima kwa dada yake, Bi Asma, kikapotea safarini. Mtume (S.A.W.) akasimamisha msafara mzima ili kitafutwe, nao wako mahali pasipo na maji. Ndipo ikateremka aya ya tayammamu. Ngamia alipoinuliwa, kidani kikaonekana chini yake. Tunajifunza kwamba kitu cha kuazima ni amana, hata kiwe kidani tu, na kwamba kukitafuta kitu cha mtu si kupoteza wakati.

Swali la kwanza: Lina umbo gani?

Vito vya umbo la mnyama ni vya kale sana. Katika nchi ya mafirauni watu walichonga vito kwa umbo la yule mdudu anayeviringisha samadi, kwa sababu walimhusisha na mungu wao wa jua la asubuhi. Kaburi la Firauni Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, vidani vyenye mdudu huyo vilikutwa humo. Wayunani na Warumi walivaa bangili za nyoka. Hata pete ya uchumba ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyeolewa mwaka 1840, ilikuwa ya umbo la nyoka mwenye zumaridi kichwani, kwa kuwa kwao nyoka yule alikuwa alama ya mapenzi yasiyokwisha. Mitindo tunayoiona leo madukani ina ukoo mrefu, na kila umbo lilikuja na maana yake.

Kwetu sisi, wanazuoni wengi wamekataza kutengeneza sanamu kamili ya kiumbe mwenye roho. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alichukizwa na pazia la Bi Aisha lililokuwa na picha. Bi Aisha akalikata na kulifanya mito. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Jibril (A.S.) aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe, ibaki kama mti. Kutokana na haya, wanazuoni wamesema umbo likiondolewa kichwa, hukumu yake hubadilika. Wengine wamelegeza katika picha ndogo sana ambayo viungo vyake havionekani. Na vitu vya kuchezea watoto vina ruhusa yake, kwani Bi Aisha alikuwa na wanasesere, na mmoja wao alikuwa farasi mwenye mbawa.

Kwa hivyo, binti aliye na pete ya nyoka aipeleke kwa sonara. Kichwa kikiondolewa, inabaki duara la kawaida. Wala hatuna haja ya kugombana na kuitana majina mabaya msikitini kwa sababu ya herini za kipepeo. Tuelezane kwa upole, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Lakini ndugu msomaji, angalia vito vya bibi zetu. Humo utakuta maua, nyota, miezi miandamo, mistari iliyosukwa na maandishi. Mafundi wa Pwani na wa Oman walijua kupamba bila kuchonga sura. Walikuwa na elimu katika vidole vyao. Tunapoviyeyusha vitu vile ili tununue nyoka wa dukani, tumebadilisha kilicho bora kwa kilicho duni.

Kuna jambo moja la kutazama kwa makini. Baadhi ya vidani vya zamani vimening'inizwa sarafu kubwa ya fedha ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Sarafu hii ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 zake, 833 ni fedha safi. Ilitumika sana katika biashara ya Bahari ya Sham, Yemen, Oman mpaka Unguja, na masonara wa Oman waliiyeyusha kutengenezea vito. Upande mmoja ina sura ya malkia huyo, na upande wa pili ina tai mwenye vichwa viwili. Juu yake imeandikwa mwaka 1780, lakini asikudanganye mtu kwa mwaka huo. Malkia alifariki mwaka huo wa 1780, na baadaye sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile katika miji mbalimbali, kama Vienna, Rome, London na Bombay. Mwaka ulioandikwa si ushahidi wa umri wake.

Waislamu wa mwanzo nao walitumia sarafu za Warumi zenye sura za wafalme kwa sababu ya haja ya biashara, mpaka Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipotoa dinari ya maandishi matupu mwaka wa 77 Hijria. Kutumia pesa yenye sura kwa haja ni jambo moja, na kuifanya pambo la shingoni ni jambo jingine. Rai yetu ni kwamba kidani chenye sarafu hiyo kihifadhiwe kama kumbukumbu, na anayetaka kukivaa aiondoe sarafu kwanza.

Swali la pili: Limetokana na nini?

Hili ndilo swali linalosahauliwa zaidi. Nchi yetu ya Pwani imeuza viungo vya wanyama kwa karne nyingi. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa yapata miaka 2,000 iliyopita, Periplus, kinataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani hii. Bangili za pembe, vitana na pete za gamba la ng'amba, vipini vya jambia vya pembe ya faru, vyote vilikuwa fahari ya watu.

Wanazuoni nao walilizungumza jambo hili. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza Bi Fatma anunuliwe bangili mbili za kile kilichoitwa kwa Kiarabu "aaj". Wapo waliosema isnadi yake ni dhaifu, na wapo waliofafanua kwamba neno hilo hapo lina maana ya gamba la kasa, si pembe ya ndovu. Katika madh-hebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mfupa na pembe ya ndovu ni najisi, na kusali nayo mwilini hakufai. Kwa Mahanafi ni tohara. Na imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kupandia ngozi za chui. Basi anayevaa ukucha wa simba, au bangili ya singa za mkia wa ndovu, ajiulize kuhusu sala yake kabla ya kujiuliza kuhusu urembo wake.

Juu ya hayo kuna roho za viumbe. Mwaka 1989 nchi nyingi duniani zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Mwaka huohuo serikali ya Kenya ilichoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka 2016 ikachoma tani 105. Hata hivyo, nchini Tanzania ndovu walikadiriwa kupungua kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Katika miaka mitano tu, zaidi ya nusu walikwisha! Na ng'amba, ambaye gamba lake huvutia machoni, ni miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka kabisa.

Wenzetu Waislamu wameliona jambo hili. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa namba 4 ya mwaka 2014, ikiharamisha kuwinda na kuuza kinyume cha sheria wanyama wanaokaribia kutoweka. Na katika nchi zetu ziko sheria, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013, ambazo zinafanya kuwa kosa kumiliki nyara za wanyamapori bila kibali. Muislamu anatakiwa kutimiza ahadi, na sheria inayolinda maslahi ya watu na viumbe ni ahadi.

Wazazi wataulizia bangili ya pembe iliyoachwa na bibi. Nasaha yetu ni isiuzwe, isipelekwe ng'ambo kwa siri mkobani, na isifichwe. Waulizwe maofisa wanaohusika na wanyamapori au wa makumbusho. Siwa ya Pate, iliyotengenezwa kwa pembe za ndovu, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu, na watoto wetu wanaweza kwenda kuitazama na kujifunza. Hapo ndipo mahali pa vitu kama hivyo. Kununua kipya cha aina hiyo ni kumlipa mwindaji haramu akaue mwingine.

Swali la tatu: Linavaliwa kwa itikadi gani?

Wengine watakwambia kwamba ukucha unamkinga mtoto na jicho, singa za ndovu zinaleta bahati, na nyoka wa fedha anafukuza husuda. Hapa ndugu zangu hatuna mchezo. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Uqba bin Aamir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwenye kutundika kinga za namna hii kuwa ameingia katika shirki. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba aliamuru zikatwe kamba zilizovishwa shingoni mwa ngamia, nao watu walikuwa wakizivisha kwa kukinga jicho. Kama ngamia alivuliwa, mtoto wetu je?

Ama ile hirizi ya fedha ya Oman, mkebe wa kutilia aya za Qur'ani, masahaba walihitilafiana. Wapo walioruhusu yaliyo ya Qur'ani, na wapo, kama Ibn Mas'ud (R.A.), waliochukia yote. Leo mikebe mingi ya zamani ni mitupu, haina kitu ndani. Mwenye kuihifadhi kwa ajili ya kazi ya fundi na kumbukumbu ya bibi yake, hana neno. Mwenye kuivaa akiamini kwamba fedha ile inamlinda, huyo ameibebesha fedha kazi ya Mola wake. Kinga yetu ni Ayatul Kursiy, Qul-huwallahu na Maudhatayn, nazo hazihitaji mnyororo.

Tukumbuke kisa cha watu wa Nabii Musa (A.S.) katika Suratul A'raf, aya ya 148, na Suratu Taha. Nabii Musa alipokwenda kuzungumza na Mola wake, wao walikusanya mapambo, yakatiwa motoni, na Saamiri akawatolea ndama mwenye sauti. Wakamwabudu. Mali ileile iliyokuwa bangili na vidani ikageuka kuwa mungu. Na wafasiri wanatueleza kwamba mapambo yale hayakuwa hata yao, yalikuwa ya watu wa Firauni. Balaa iliingia kwa mlango wa itikadi, lakini mali yenyewe ilikuwa ya wenyewe. Hapo tunafika kwenye swali la mwisho.

Swali la nne: Ni la nani?

Hapa ndipo dhulma nyingi zinapofanyika, tena kimyakimya, ndani ya nyumba za watu wanaosali. Tutataja mambo manne.

Kwanza, vito vya mke ni vya mke. Akipewa kama mahari au zawadi, mume hana haki ya kuviweka rehani au kuviuza bila ya ridhaa yake ya kweli. Suratun Nisaa, aya ya 4 na ya 20, ziko wazi. Na ridhaa inayopatikana kwa kununiwa wiki nzima si ridhaa.

Pili, mama akifariki, sanduku lake ni urithi wa warithi wote baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Imezoeleka kusema kwamba vito vya mama ni vya mabinti peke yao, au ni vya yule aliyemuuguza. Sheria haikusema hivyo. Mume ana fungu lake, watoto wa kiume wana lao, na wa kike wana lao. Wakipenda kuwaachia dada zao, huo ni wema wao, lakini waulizwe kwanza. Na mama anayetaka kumpa binti yake, ampe akiwa hai, amkabidhi mkononi, na awe muadilifu kati ya watoto wake.

Tatu, kubadilisha cha zamani kwa kipya. Watu wengi humpa sonara dhahabu kuukuu, wakaongeza pesa na kuondoka na dhahabu mpya. Biashara hii ina riba ndani yake, kwa sababu dhahabu kwa dhahabu lazima iwe sawasawa kwa uzito na mkono kwa mkono. Mtume (S.A.W.) alipoletewa tende nzuri zilizobadilishwa kwa tende hafifu nyingi zaidi, alikataza, akaelekeza ziuzwe zile hafifu kwanza, kisha pesa yake ndiyo inunue nzuri. Nasi tufanye hivyo: uza cha zamani, pokea pesa yako mkononi, kisha nunua ukitakacho. Na katika Sahih Muslim kuna kisa cha Fadhala bin Ubayd (R.A.), aliyenunua kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12 siku ya Khaybar. Alipokitenganisha, akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akasema kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Ndugu msomaji, ni vidani vingapi vya bibi zetu vinauzwa bila mwenyewe kujua kilichomo? Mnunuzi anajua, muuzaji hajui. Kito cha kale hakipimwi kwa gramu pekee. Kina thamani ya umri na ya kazi ya fundi. Basi kabla ya kuuza, waulize watu wawili au watatu.

Nne, zaka. Katika madh-hebu ya Imam Shafi, vito halali anavyovivaa mwanamke kwa kiasi cha kawaida havina zaka. Lakini vikiwa vimewekwa kama hazina tu, au vikiwa ni vya haramu, vina zaka vikifika nisabu, nayo ni takriban gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Mahanafi wanavitolea zaka hata vinavyovaliwa. Sanduku lililofungwa kwa miaka 20 halijasahauliwa na Mola wetu. Wanaume nao wakumbuke kwamba dhahabu ni haramu kwao, hata iwe ni pete ya babu.

Tunachowaomba

Wanafunzi wetu, tunawaomba jambo moja jepesi katika likizo hii. Chukueni daftari, mkae na bibi zenu, mfungue sanduku kwa idhini yao. Andikeni jina la kila pambo, limetengenezwa kwa kitu gani, nani alilivaa, na alipewa na nani. Wengi wenu hamwezi leo kutofautisha timbi na kekee, wala jasi na kipuli. Majina haya yakifa, hayatarudi. Fedha ikiwa imeingia weusi, msiisugue kwa mchanga au unga mkali, ifuteni kwa kitambaa laini na kuihifadhi mahali pakavu.

Wazazi wetu, nanyi msiuze kwa haraka ya harusi ya siku moja kitu ambacho kimesubiri vizazi vitatu. Kama haja ni ya kweli, kama ada ya mtoto au matibabu, uzeni bila haya, kwa bei ya haki, kwani mali imewekwa kwa ajili ya haja. Ila kuviyeyusha vya halali ili kununua vya shaka ni hasara ya dunia na ni khofu ya akhera.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupambe kwa imani, atukinge na shirki iliyo wazi na iliyofichika, atuepushe na kula haki za wenzetu, na awarehemu bibi zetu waliotutunzia amana hizi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.